Uliomba Mkono, Ukapewa Mtu Mzima: Uhakiki wa sudo

Kila ukigusa alama ya programu kwenye simu ya Android, linatokea jambo ambalo wengi wakilisikia wanadhani ni udukuzi. Linux iliyo chini ya simu yako inaihesabu kila programu kuwa mtumiaji tofauti mwenye namba yake, na namba hizo zinaanzia 10000. Kuna programu mama iitwayo Zygote, yenye mamlaka kamili. Inajigawa, nakala mpya inajivua mamlaka, inavaa namba ya programu uliyoigusa, na kazi inaanza. Hakuna aliyeulizwa nenosiri. Wala huyo "mtumiaji" hana nenosiri la kuulizwa.

Kwa hiyo lile swali la "hivi inawezekana kuendesha programu kama mtu mwingine bila kujua paswedi yake?" lina jibu fupi: ndiyo, na bila hilo kompyuta yako isingefanya kazi hata dakika moja. Swali gumu ni jingine. Programu ikishaendeshwa kwa jina la mtu mwingine, imepewa nguvu kiasi gani? Na kikiharibika kitu, nani anawajibika?

Leo nataka tuihakiki sudo, chombo ambacho wengi wetu tunakiandika mara ishirini kwa siku bila kufikiri. Msimamo wangu nautoa mapema: sudo ilitatua tatizo kubwa, na inastahili heshima yake. Lakini imetuzoesha wazo bovu, kwamba ili ufanye kazi moja ya mtu mwingine, ni lazima kwanza uwe mtu huyo mzimamzima.

Kompyuta haijui jina lako

Keneli, yaani ule moyo wa mfumo endeshi, haijui kwamba wewe ni Amina au Juma. Nenosiri ndiyo kabisa, haliihusu. Inachojua ni namba. Nenosiri huulizwa mlangoni na programu ya kawaida tu ya kuingilia. Ikiridhika inakuvika namba yako, tuseme 1003, na kuanzia hapo kila programu unayoianzisha inarithi namba hiyo. Ukitaka kufungua faili, keneli inatazama namba yako, inatazama mwenye faili na ruhusa alizoweka, halafu inakubali au inakataa. Basi.

Namba 0 ni ya mkubwa wa mfumo, anayeitwa root. Programu yenye namba 0 inaruhusiwa kubadili namba yake iwe yoyote ile. Ndiyo maana root akiandika `su mhasibu` haulizwi kitu. Mwenye funguo za nyumba nzima hapigi hodi chumba kwa chumba. Wewe wa 1003 huna ruhusa hiyo. Ukijaribu kujibadilisha, keneli inakukatalia.

Sasa tatizo linaonekana vizuri. Mtu wa 1003 atapataje, kwa halali, programu inayofanya kazi kwa namba ya mtu mwingine?

Biti moja, wazo kubwa

Jibu la kwanza lilitoka Bell Labs, Marekani, Unix ilipokuwa bado changa. Dennis Ritchie alibuni alama ndogo inayowekwa kwenye faili la programu, ikaitwa setuid. Faili likiwa na alama hiyo, programu haiendeshwi kwa namba ya aliyeiita. Inaendeshwa kwa namba ya mwenye faili. Bell Labs waliona thamani yake mapema: maombi ya hataza yalipelekwa mwaka 1973, hataza ikatolewa 1979, na baadaye ikaachiwa umma itumike bure.

Mfano wa wazi ni kubadili nenosiri lako. Kwenye Linux manenosiri, yakiwa yamevurugwa kihisabati, hukaa kwenye faili `/etc/shadow`. Wewe huruhusiwi hata kulisoma. Lakini ni haki yako kubadili mstari wako humo. Programu `passwd` ni mali ya root na ina alama ya setuid. Ukiiita, inaamka na mamlaka ya root, inahakikisha ni wewe, inabadili mstari wako peke yake, inakufa. Hukupewa nenosiri la root. Umepewa huduma.

Hapa Ritchie anastahili makofi. Uzuri wa wazo lake ni kwamba nguvu imefungwa ndani ya programu yenye kazi moja. Lakini tazama na upande wa pili: ndani ya programu hiyo, nguvu yote ipo. `passwd` inahitaji kugusa faili moja, ila kwa muda ule mfupi inaweza kugusa kila kitu kwenye kompyuta. Kinachotulinda ni uaminifu na umakini wa aliyeiandika. Tuliweke hilo akilini, tutalirudia.

sudo ilikuja kuzuia nini

Kabla ya sudo, njia ya kawaida ilikuwa `su`: unataja unayetaka kuwa, unatoa nenosiri lake. Matokeo yake ni rahisi kukisia. Wasimamizi watano wa seva moja, wote wanalijua nenosiri la root. Mmoja akihama kazi, inabidi libadilishwe na wanne waliobaki walikariri upya. Faili likifutwa usiku, daftari la matukio linasema root ndiye aliyefuta. Root yupi? Hakuna anayejua.

Karibu mwaka 1980, Bob Coggeshall na Cliff Spencer, katika idara ya sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Jimbo la New York huko Buffalo, waliandika sudo. Yenyewe ni programu ya setuid, mali ya root. Inapoitwa inasoma kitabu cha kanuni: nani anaruhusiwa kuendesha programu gani, kama mtumiaji gani. Ikikubali, inaiendesha na kuandika daftarini kwamba fulani, saa fulani, aliomba hiki.

Wengi huchanganyikiwa hapa, kwa hiyo tuelewane. sudo ikikuuliza nenosiri, inauliza LAKO, si la yule unayetaka kutenda kwa jina lake. Lengo ni kuhakikisha aliyekaa kwenye kiti ni wewe, na si jirani aliyekuta umeenda kunywa chai. Na si lazima awe root: `sudo -u mhasibu` huendesha programu kama mhasibu. Kanuni ikiwa na neno `NOPASSWD`, hata lako haliulizwi, jambo linalosaidia sana kwa kazi za usiku zinazojiendesha zenyewe.

Ukilinganisha na kugawana nenosiri la root, haya ni maendeleo makubwa. Mtu akihama unafuta mstari mmoja. Daftari lina jina la mtu halisi. Ofisi yoyote ambayo bado inabandika paswedi ya seva kwenye karatasi ukutani ingefaidika leo hii kwa kuanza kutumia sudo. Sasa tuingie kwenye uhakiki wenyewe.

Kosa la kwanza: kanuni inataja programu, lakini inatoa mtu

Tuseme idara fulani ya chuo ina faili la alama za mitihani, `/data/alama.csv`. Mwenye faili ni akaunti iitwayo `matokeo`, na mwingine yeyote haruhusiwi hata kulisoma. Amina, msaidizi wa ofisi, anahitaji kulisoma tu. Msimamizi anaandika kanuni hii:

`amina ALL=(matokeo) NOPASSWD: /usr/bin/less /data/alama.csv`

Yaani: Amina aendeshe `less`, programu ya kusomea maandishi, kama matokeo, kwa faili hilo peke yake, bila nenosiri. Ukiitazama inaonekana kanuni kali. Programu moja, faili moja, kusoma tu.

Tatizo ni kwamba `less` ina uwezo ambao wengi hawaujui: ukiwa ndani yake, ukiandika `!sh` inakufungulia ganda jipya la kuandikia amri. Ganda hilo linarithi namba. Ya nani? Ya matokeo. Kuanzia hapo Amina anaweza kubadili alama ya mwanafunzi yeyote, kufuta faili, au kufanya lolote ambalo matokeo anaruhusiwa. Si `less` peke yake. `vim` inafanya hivyo, `find` inafanya hivyo, na nyingine nyingi. Hazina kasoro. Ziliandikwa zimsaidie mtu aliyekaa kwenye akaunti yake mwenyewe.

Sasa alama za mwanafunzi mmoja zikibadilika, fungua daftari. Kwa kawaida sudo huandika amri uliyoiomba, si yale yaliyofuata ndani yake. Daftari litasema Amina aliendesha `less`. Faili nalo litasema limebadilishwa na matokeo. Kama Amina ndiye aliyefanya, ushahidi ni mwembamba. Na kama hakufanya, hali yake ni mbaya zaidi: aliwahi kuvaa joho la matokeo, na hana namna ya kuonyesha kwamba alisoma tu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Hii ni nguo ya kuazima iliyomwacha uchi mtu aliyetumwa kazi halali.

Tuwe wa haki. sudo ina kinga ya `NOEXEC` inayojaribu kuizuia programu isizae nyingine, na ina uwezo wa kurekodi kila kinachoonekana kwenye skrini ukiuwasha. Lakini hizo ni viraka vya kuongezea juu. Mwanzo wake, kanuni inasema "programu hii", na keneli inasikia "mtu huyu".

Kosa la pili: mpatanishi anaanza akiwa mfalme

Ili sudo ikufanye uwe mhasibu, lazima yenyewe ianze ikiwa root. Hata kama lengo ni mtu mdogo kabisa, njia inapita ikulu. Na ikiteleza njiani, inaangukia ikulu.

Oktoba 2019 tuliona mfano ambao ningependa kila mwanafunzi wa kompyuta aujue. Msimamizi angeweza kuandika kanuni: fulani aendeshe programu kama mtumiaji yeyote, ISIPOKUWA root. Inaeleweka. Lakini sudo inakubali pia utaje mtumiaji kwa namba badala ya jina. Mtu akataja namba -1. sudo ikajiuliza: je, -1 ni 0? Hapana. Basi si root, apite. Ikamwendea keneli kuomba namba ibadilishwe iwe -1. Kumbe kwa keneli, -1 kwenye ombi hilo maana yake ni "usibadilishe chochote". Na sudo wakati huo ilikuwa na namba ngapi? 0. Ikabaki 0. Aliyekatazwa kuwa root akawa root kwa sababu tu hakuna aliyembadilisha.

Kasoro hiyo iliwagusa tu wale waliokuwa na kanuni ya namna hiyo, na ilirekebishwa haraka. Iliyofuata haikuwa na masharti. Januari 2021 kampuni ya usalama Qualys ilitangaza kasoro waliyoiita Baron Samedit. Kwa kuipa sudo maneno yenye alama ya mkwaju wa nyuma mahali isipotarajia, iliandika nje ya mipaka ya memori yake, na mtu yeyote mwenye akaunti kwenye mashine, hata asiyetajwa popote kwenye kitabu cha kanuni, angeweza kuwa root bila kutoa nenosiri lolote. Kasoro iliingia kwenye msimbo Julai 2011. Ilikaa humo karibu miaka kumi, kwenye programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma.

Usidhani ni sudo peke yake. Januari 2022 Qualys hao hao walionyesha kasoro kwenye `pkexec`, ndugu yake sudo, iliyokuwepo tangu 2009. Programu ya setuid huzaliwa mikononi mwa anayeiita: yeye ndiye anayeipa maneno, mazingira, na mafaili yaliyofunguliwa. Ni kama mlinzi wa benki anayevalishwa na yule yule anayetakiwa kumkagua.

Wazo lenyewe lina jina

Mwaka 1988 Norm Hardy aliandika makala fupi kuhusu kile alichokiita wakala aliyechanganyikiwa. Alisimulia kisa cha kompaila kwenye mfumo wa kampuni iliyokuwa ikiuza muda wa kompyuta. Kompaila ilipewa ruhusa ya kuandika kwenye saraka yake, ili itunze takwimu za matumizi. Katika saraka hiyo hiyo kulikuwa na faili la bili za wateja. Mteja mmoja akaiambia kompaila iandike matokeo yake ya ukaguzi kwenye faili, akataja jina la lile faili la bili. Kompaila ikatii, na bili zikapotea.

Hakuna nenosiri lililoibiwa, na keneli ilifuata sheria. Kosa ni kwamba kompaila ilikuwa na mamlaka mawili, ya mteja na ya nyumbani kwake, na haikuwa na namna ya kusema "kwa faili hili natumia mamlaka ya mteja". Miaka 13 kabla ya hapo, mwaka 1975, Jerome Saltzer na Michael Schroeder walikuwa wameshaandika kanuni ambayo leo inafundishwa kila mahali: kila programu ipewe mamlaka machache kabisa yanayotosha kazi yake. sudo inatimiza nusu ya kanuni hiyo. Inapunguza nani anaingia. Haipunguzi anachoweza kufanya akishaingia.

Warithi wake je?

Wanajitokeza, na kila mmoja anatibu ugonjwa wake.

Mfumo wa OpenBSD ulileta `doas` mwaka 2015. Wazo lake ni udogo: msimbo mchache, kasoro chache. Kuna `sudo-rs`, iliyoandikwa upya kwa lugha ya Rust, ambayo Ubuntu iliifanya chaguo la kawaida kwenye toleo la 25.10. Rust inaziba karibu kabisa mlango wa kasoro kama Baron Samedit, za kuandika nje ya memori. Lakini kisa cha -1 hakikuwa kosa la memori. Kilikuwa watu wawili kuelewa neno moja tofauti, na hakuna lugha ya programu inayozuia hilo. Na Amina na `less` yake? Hapo hakuna kilichobadilika.

`run0`, iliyokuja na systemd mwaka 2024, inaenda mbali zaidi: haitumii setuid kabisa. Inamwomba mhudumu aliyekwishaamka na mamlaka aanzishe programu upya, kwenye mazingira safi, badala ya kuibadilisha iliyo mikononi mwako. Naiona hatua nzuri. Bado, mwishoni unapewa mtu mzima.

Njia iliyo karibu zaidi na dawa ni kugawanya mamlaka yenyewe. Linux imeyagawa mamlaka ya root vipande tangu miaka ya mwisho ya 1990. Programu ya `ping` zamani ilikuwa setuid ya root; inaweza kupewa kipande kimoja tu, cha kutuma pakiti ghafi za mtandao, na ikidukuliwa haiwezi kusoma `/etc/shadow`. Na Android, tuliyoanza nayo, tangu toleo la 4.3 haziruhusu programu unazozifungua kupanda cheo kupitia setuid kwenye mafaili ya mfumo. Zygote inashuka tu, kutoka mamlaka makubwa kwenda madogo. Hakuna kupanda. Kwa maoni yangu huo ndio mpangilio sahihi, na umo mifukoni mwa watu bilioni kadhaa.

Ufanye nini kesho asubuhi

Usiifute sudo. Kurudi kwenye nenosiri moja la root ni kurudi kule kwa "root yupi?". Ila kabla ya kuandika kanuni, jiulize kwanza kama kweli kuna haja ya mtu kuwa mtu mwingine. Amina hakuhitaji kuwa matokeo. Alihitaji kusoma faili moja. Amri `setfacl -m u:amina:r /data/alama.csv` inampa hicho, kwa jina lake mwenyewe, na hata akijaribu kuandika keneli inamkatalia. (Hakikisha tu anaruhusiwa pia kuifikia saraka yenyewe.)

Kama kuwa mwingine hakuepukiki, usimpe kihariri wala kisomaji. Andika hati ndogo inayofanya jambo moja, isiyopokea maneno kutoka kwa mwombaji, na ambayo yeye hawezi kuibadilisha; hiyo ndiyo uitaje kwenye kanuni. Kila huduma iwe na akaunti yake, ili hata joho likivuja liwe joho dogo. Na ukiona `NOPASSWD: ALL` kwenye seva inayotumiwa na watu wengi, uliza nani aliiweka na kwa nini bado ipo. Mara nyingi utakuta iliwekwa "kwa muda tu".

Mwisho, jaribu mambo mawili kwenye mashine yako au ile unayoruhusiwa kuikagua. `sudo -l` itakuonyesha unaruhusiwa kutenda kama nani. `find / -perm -4000 -type f 2>/dev/null` itakuorodheshea mafaili yenye alama ya Ritchie. Chukua kila jina kwenye orodha hiyo na ujiulize: kazi ya huyu ni ipi, na amepewa mamlaka kiasi gani? Ukikuta moja ambalo huwezi kulijibia, umepata pa kuanzia.